Ishara ya Mwalimu

"Unaonaga vizuri?" mwalimu wa uzamiaji alimuuliza Penina ufukweni Mwigobero.

"Naonaga, mwalimu." Miwani alikuwa ameificha ndani ya kiatu. Haikuenea chini ya barakoa ya kuzamia, naye hakutaka kurudishwa nyumbani siku ya kwanza.

Sasa walikuwa wawili tu, mita sita chini ya maji. Mwalimu akainua mkono. Penina aliona kivuli tu kikitikisika, akadhani anaulizwa hali. Akajibu kwa vidole: niko sawa.

Kivuli kikatikisika tena, kwa haraka. Niko sawa, akajibu.

Mwalimu alipomfikia uso kwa uso ndipo Penina alipoona kiganja kinachokata koo: hewa imeniishia.

Penina akachomoa mpira wa hewa mdomoni mwake, akamnyooshea. Mkono wa mwalimu ulikuwa umeshalegea, haukuupokea.