Wafu wa Chini Zaidi

Siku hizi sheria inasema ardhi ni ya wale ambao wafu wao wamelala chini zaidi. Kwa sheria hiyo kampuni ya chai ilifungasha virago, na Tapsubei akarudi kwenye kilima alikofukuzwa babu yake na Wazungu. Akang'oa michai, akapanda wimbi, akajenga nyumba.

Mwaka wa tatu alikuja afisa wa ardhi na mashine ya kusoma mifupa. Aliipitisha uani, kisha jikoni, akasimama kando ya meko.

"Mama, chini ya watu wenu kuna wengine," alisema. "Warina asali."

"Hao walikuwa watu wa msituni."

"Msitu wenyewe ulikuwa hapa, mama."

Wiki iliyofuata mwanamke wa warina asali, jina lake Chesang, alibisha hodi. Alikuja peke yake, bila polisi. Tapsubei alimkaribisha, akampa maziwa ya kibuyu. Mgeni alikunywa taratibu huku akitazama kuta.

"Umejenga vizuri," alisema.

Tapsubei alishindwa kuvumilia. "Dada, mtatufukuza?"

Chesang alimgeukia. "Bado hatujakubaliana. Wewe, wale wachuma chai uliowakuta hapa, waliozaliwa katika kambi ya kampuni, uliwafanyaje?"

Tapsubei alikuwa amewapa siku kumi na nne za kuhama. Wengine walikuwa na watoto wachanga, na mvua ilikuwa ikinyesha.

"Niongeze maziwa?" aliuliza.

"Ongeza," alisema Chesang, akiendelea kungoja jibu.