Mita ya Chumba Namba Kumi na Nne

Mlinzi alikuwa ameshazungusha ufunguo mara mbili aliposikia mlango unagongwa kwa ndani.

"We nani humo?" akauliza, mkono tayari kwenye kirungu.

"Mimi! Unanifungia, kaka yangu!"

Akafungua. Katibu muhtasi wa chumba namba kumi na nne akatoka na mkoba kwapani, macho mekundu kwa kusoma gizani.

"Nisamehe sana, dada. Taa imezimwa, feni imezimwa, kompyuta kimya. Nikajua hakuna mtu."

Mwingine angemporomoshea matusi. Yeye alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu aanze kazi pale chuoni hakuwahi kusifiwa vizuri namna ile.

Na kazi yenyewe ndiyo ilikuwa inamnyima usingizi. Miaka minane alikuwa mtu wa mikataba ya miezi mitatu mitatu, na kila mmoja ukiisha anakaa roho juu, hajui kama atapewa mwingine. Basi chuo kilipotangaza shindano la ofisi ya kijani, ofisi itakayotumia umeme, maji na karatasi kidogo kuliko zote muhula mzima, yeye alishika mstari mmoja tu wa tangazo, ule wa mwisho: mwenye ofisi itakayoshinda atapewa ajira ya kudumu.

Akajitosa mzima mzima. Siku ya kwanza alichomoa birika la umeme, ya pili feni, na wiki haikuisha kompyuta ikafunikwa kitambaa. Barua aliziandika kwa mkono, nyuma ya karatasi za mitihani ya zamani, na kwa mwandiko wake mzuri hakuna aliyelalamika. Ratiba za vipindi aliziandika kwa chaki kwenye ubao wa ukumbini, asubuhi na mapema kabla watu hawajafika. Bahasha za alama alizipenyeza kwenye sanduku la ofisi ya mitihani, ghorofa nne kupanda na nne kushuka kwa miguu, maana lifti nayo ilihesabu kila kadi iliyoigusa. Haja ikimbana alikwenda choo cha maktaba, maji yahesabiwe kwa wenzake huko. Uhifadhi wa mazingira ni jambo jema, lakini jamani, ushindi nao ni ushindi.

Bosi wake, mratibu wa masomo ya jioni, alikuwa likizo ya masomo tangu muhula uanze, kwa hiyo hapakuwa na wa kumwuliza mbona amekaa gizani. Aliyeuliza ni mhasibu wa chumba cha jirani, ambaye feni yake ilizunguka mpaka karatasi zikaruka.

"Utapofuka, Mama Swichi," alimtania. Jina hilo alimpa yeye, nalo likamganda. "Hao wa kamati hata sura yako hawaijui."

"Ya nini sasa? Wanasoma mita. Mita haina shemeji wala binamu. Mara hii haki itatendeka."

"Haya bwana. Ila washa taa basi, angalau mtu akibisha hodi."

"Kwani anakuja kuniona mimi au taa?"

Wabisha hodi wenyewe walikuwa wamepungua. Wanafunzi walichungulia kwenye kioo cha mlango, wakaona giza, wakasukuma fomu zao kwa chini na kwenda zao. Kesho yake walizikuta kwenye kasha la nje zimegongwa mhuri na kupangwa vizuri. Walizichukua bila kujiuliza nani kagonga. Yeye kule ndani alifurahi, kazi inakwenda bila bughudha.

Nyumbani mama yake mzazi alimtazama anavyosugua macho.

"Mwanangu, kazi gani hiyo ya kukutoa machozi kila siku?"

"Ya kudumu, mama. Iko njiani inakuja."

Siku ya matokeo ukumbi ulifurika. Mama Swichi alivaa gauni lake la kuendea harusini, akachagua kiti cha pembeni ili akiitwa asiwakanyage watu. Mwenyekiti wa kamati, profesa mmoja mpole kutoka makao makuu ya chuo, akaanza kusoma majina kutoka mkiani. Mkia ulikuwa wa mhasibu. Watu wakaangua kicheko, na mhasibu akacheka kuliko wote.

"Na sasa ofisi iliyotushangaza," profesa akasema. "Umeme, sifuri. Karatasi, sifuri. Lifti, haikuguswa hata mara moja. Chumba namba kumi na nne!"

Vigelegele vikapigwa. Mhasibu akamsukuma mgongoni. "Nenda, mwanamke! Nenda kachukue chako!"

Akaenda. Machozi yalimtoka na hakujali kuyafuta. Miaka minane ilikuwa imeisha, alitaka tu kufika pale mbele. Profesa alikuwa bado ameinamia karatasi yake.

"Ndugu zangu, chumba hiki kimetufundisha jambo. Muhula mzima kimekaa bila mtu, na masomo ya jioni hayakuyumba hata siku moja. Ratiba zimetoka, alama zimefika, barua zimejibiwa. Kwa hiyo kamati imependekeza, na uongozi umeridhia, kwamba nafasi ya katibu muhtasi wa pale ifutwe kuanzia mwezi ujao."

Makofi yalikuwa makubwa. Profesa akainua macho, akamwona mwanamke amesimama katikati ya njia.

"Dada, tafadhali keti," akamwambia kwa upole. "Unawaziba walio nyuma."