Ndoo ya Mama Mkwe

"Mimina," alisema mama mkwe, akiisukuma ndoo yake hadi miguuni pangu. "Watu wanasubiri."

Mimi ndiye mpima maziwa hapa kituoni. Maziwa yake yalikuwa meupe, yananukia vizuri, na kipimo kiliyapitisha. Lakini jana mimi ndiye niliyemshikilia ng'ombe wake pembe daktari wa mifugo akimdunga sindano, na mimi na mama mkwe sote tulimsikia daktari akisema maziwa yasinywewe wiki nzima.

"Mama, yule ng'ombe yuko kwenye dawa."

Akaigeukia foleni. "Jamani, mmemsikia? Mkwe wangu siku hizi ni daktari!"

Foleni ikaangua kicheko. Meneja, ambaye lori lilikuwa linamngoja, alinikazia macho. "Yamepita kipimo. Usituletee mambo ya nyumbani kwenu hapa."

Nikatoa mfukoni kichupa cha rangi ya bluu, ile tunayotia kwenye maziwa yaliyokataliwa yasije yakauzwa kwingine. Mama mkwe akaniinamia sikioni.

"Thubutu uone. Leo hukanyagi kwangu."

"Haya, mama."

Nilifungua kizibo kwa meno. Tone la kwanza lilikaa kidogo juu ya povu, kisha likazama likivuta mkia mrefu. Sikuishia hapo. Nilimimina kichupa kizima, mpaka ndoo ikawa bluu kama sare ya shule.

Nikaisogeza ndoo pembeni.

"Anayefuata!" nikasema.

Yule aliyecheka kuliko wote akainua ndoo yake, akatoka kwenye foleni kabla sijaipima.