Flash ya Asubuhi

Niliiflash ile namba wakati pasta alipokuwa amefumba macho.

Kila asubuhi ilikuwa ikiniflash, mlio mmoja tu kisha inakata, nami narudisha. Sikumjua mwenyewe wala hatukuwahi kusema neno, lakini nilikuwa nimeanza kujipaka lipstiki nikiungoja huo mlio. Tangu Jumatatu, kimya.

Simu ikalia mezani, kando ya picha ya mzee wa kanisa tuliyekuja nyumbani kwake mtaani Jamhuri kumwomboleza, aliyefariki Jumatatu hiyo hiyo. Maombi yakakatika.

Mjane wake akaichukua. Akaiangalia skrini, chai yake ikimwagikia kisahani.

“Hapa imeandikwa Lornah,” akalitaja jina langu polepole, akiitazama midomo yangu.