Kenge wa Imla

Tegeni masikio, midomo fungeni. Mwaka wa ukame, wanyama walimpa Kenge utawala, wakaapa kwamba atakalosema watalikariri neno kwa neno na kulitenda bila kuuliza. Hiyo ndiyo imla, kama ile ya darasani. Kenge alisemea shimoni, Kasuku akapokea mlangoni, na wote wakaitikia. Kila asubuhi alidai mtoto mmoja wa kula, kwa zamu.

Asubuhi moja Kasuku alilia tena, "Leteni mtoto!"

"Leteni mtoto!" wakaitikia wote, na Kanga pamoja nao. Alipojisikia, manyoya yakamsimama, maana zamu ilikuwa yake na kifaranga alibaki mmoja. Akamficha chini ya bawa, akaingia shimoni kuomba.

Kenge alikuwa ngozi kavu. Siafu waliingia jichoni, wakatokea mdomoni.

"Amekufa lini?" Kanga akanong'ona.

"Siku nyingi, shoga yangu," Kasuku akajibu. "Ila hakuniambia ninyamaze."

"Na watoto wetu?"

"Waulize siafu."

Kanga akatoka mbio, akapiga ukelele, "Jamani, Kenge amekufa!"

"Jamani, Kenge amekufa!" wakaitikia wote kwa sauti moja, na Paa, aliyefuata kwa zamu, akasogea mbele na mwanawe.

"Dada Paa, husikii unachosema?"

"Dada Paa, husikii unachosema?" akajibu Paa, macho yamemtoka, akampita akaingia shimoni.

Basi utawala wa aina hiyo ukaitwa wa imla: msomaji kashakufa, na darasa bado linaandika.