Kikohozi cha Bwana Kishindo

Nilikuwa nyuma ya pazia, kamba mkononi, niliposikia Bwana Kishindo akiwasomea watu kitabu cha maisha yake ya uchekeshaji.

"Kile kiti," alisoma kwa kujidai, "hakikuwa na ujanja wowote. Nilianguka kwa kipaji changu, peke yangu."

Peke yake! Tangu ujana wetu mguu mmoja wa kiti kile ni wa kuchomoka. Yeye akikohoa, mimi navuta kamba, kiti kinalala naye. Watu walicheka mpaka wafagiaji wakawa wanazoa meno ya bandia kwa beleshi. Bila mimi, bwana yule hata umsukume haanguki. Na jana tu alinijia nyumbani, mpole kama bwana harusi: "Ndugu yangu, njoo univutie mara ya mwisho." Kitabu hakunionyesha.

Ukumbi ukalipuka. "Anguka, babu! Anguka!"

Nikachungulia. Akakaa, akatoa macho, akayumba kwa madaha. Akakohoa.

Kamba ilikuwa imenikaa kidoleni, pale pale penye sugu niliyoipata kwa kazi hiyo. Nikaitazama ile sugu.

Akakohoa tena, kwa nguvu. Kiti kimetulia kama kimeota mizizi. Watu wakaanza kutazamana.

Akakohoa tena, shingo kaigeuzia pazia, jasho linamtiririka.

Nikailegeza kamba, nikatoa kichwa nje, ukumbi mzima ukaniona.

"Pole na kikohozi, ndugu yangu," nikamwambia. "Wewe anguka tu. Kipaji si unacho?"