Usihifadhi Mlango Ukiwa na Hasira

Kina mama wenzangu, milango ya siku hizi inashika kila tunachoiambia na kuwajibu wageni kwa sauti zetu, ila umeme ukikatika inasahau. Ndiyo maana watu wanagombana mchana, na mgao ukipita wanatembeleana tena kama kawaida. Hasira zetu zinakwenda na umeme.

Mimi niliuambia mlango wangu, "Zawena usimfungulie, hana adabu." Zawena ni binti yangu wa kumzaa. Nilikuwa nimeudhika tu, nikijua mgao wa jioni utafuta. Kumbe jioni hiyohiyo nikawaza vibaka niliowapiga marufuku, nikaona mlango usije ukawasahau, nikabonyeza Hifadhi. Hifadhi haichagui, jamani. Inaweka vyote.

Zawena hakuonekana tena. Nikadhani amenuna.

Siku moja jirani yangu, Bi Somoe, akaniita uani. "Shoga, wewe una moyo gani? Mwanao alikuja na mvua yote ile, mjukuu wako mgongoni, ukamfukuza!"

"Mimi? Lini?"

"Sauti si ilikuwa yako?"

Siku ya mvua ile nilikuwa sokoni. Ulikuwa mlango. Lakini maneno yalikuwa yangu, na sikuwa na pa kuuweka uso.

Nikafuta, nikahifadhi upya, nikaenda kwa Zawena na uji wa pilipili manga. Mlango wake ukasema kwa sauti yake, "Mama asiingie."

Nikakaa barazani kungoja mgao, uji ukinipoea mapajani. Umeme ukakatika, ukarudi. Nikasimama nikasema, "Hodi, mwanangu."

"Mama asiingie."